Gogo halimo kundini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la pili alimuuliza bibi yake swali la daftarini: nyundo, msumeno, shoka, gogo, kipi hakimo kundini? Bibi akasema vyote vimo, bila gogo shoka la nini? Mtoto akacheka sana. Bibi amekosa?
Mama wa Bahi

JIBU: Marahaba, mama. Mwaka 1931 mwanasaikolojia Alexander Luria alitoka Urusi akaenda Uzbekistan, akawauliza wakulima wasiojua kusoma swali hilohilo. Wengi walimjibu kama bibi. Waliopitia darasani, hata kidogo tu, wengi wao walilitenga gogo. Kupanga vitu kwa aina tunafundishwa shule; bibi anapanga kwa kazi. (Kwenye mtihani mtoto aandike “gogo”, tusigombane na walimu.)

Ila mvua zikianza mpeleke akachume mlenda na bibi. Mimi mzaliwa wa Dodoma, tena na vyeti, mama mkwe aliwahi kumwaga kapu langu zima. Kwangu yote yalikuwa majani mabichi. Yeye aliokota matatu, akaniangalia jinsi mwanao alivyomwangalia bibi.