Santuri Ikisimama, Usikimbilie Kuilaumu Mota

Ami yangu alipofariki alituachia mashine ya santuri aina ya Garrard SP25, pamoja na sahani za taarabu mia na kitu, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za enzi ambazo Tanga ilikuwa na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Mashine ilikaa juu ya kabati miaka mingi. Nilipoichomeka ilizunguka, ikapiga upande mmoja vizuri kabisa, na wimbo ulipokwisha ikasimama. Mota ikawa inanguruma chini kwa chini, sinia la chuma linalobeba sahani halisogei, mkono wa sindano umeganda hewani katikati ya safari.

Fundi wa kwanza aliniambia mota imekufa. Nikaanza kuulizia mota nyingine, na bei nilizotajiwa zilinivunja moyo. Aliyenitoa gizani ni mama. Alikaa akaiangalia mara tatu, kisha akasema, "Mwanangu, mbona inasimama palepale kila mara? Mota ikiwa mbovu itachagua mahali pa kufia?"

Basi kabla ya kushika bisibisi, tazama inasimama wapi. Ikikataa kuwaka kabisa, anza na waya, plagi na swichi. Ikiwaka na mota ikanguruma bila kuzunguka, huenda mafuta ya mota yamekauka. Mota ikizunguka lakini sinia linazubaa, shida iko kwenye kigurudumu cha mpira kinachosukuma sinia. Na ikisimama pale mkono unapotakiwa kujiinua na kurudi, kama yangu, tatizo ni grisi.

Sababu ni hii. Mashine hizi zilizotengenezwa Swindon, Uingereza, hutumia mota moja kwa kazi zote. Mota inazungusha puli ndogo ya ngazi, kila ngazi ikiwa na upana wake kwa mwendo wake, puli inasukuma kigurudumu cha mpira, na kigurudumu kinasukuma ukingo wa sinia kwa ndani. Sahani ikiisha, meno yaliyo katikati ya sinia hushikana na gia kubwa iliyo chini, na hiyo ndiyo inayourudisha mkono. Kiwandani waliipaka gia hiyo grisi. Baada ya miaka hamsini grisi imegeuka gundi ya kahawia. Sinia likiunganishwa na gia iliyonata hivyo, mota hata iwe nzima haina nguvu ya kuisukuma.

Chomoa plagi ukutani. Si kuzima swichi tu, chomoa. Toa sindano au kichwa chote cha mkono ukakiweke mbali, maana sindano ikivunjika leo utaitafuta mwaka mzima. Klipu inayoshika sinia katikati ifunike kwa kitambaa unapoing'oa, kwa sababu huruka. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa springi: zinafanana kwa macho, lakini kila moja ina tundu lake.

Kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Nilinyunyiza mafuta ya kulainisha juu ya grisi ile kuukuu. Ikalegea siku mbili, mashine ikafanya kazi, siku ya tatu ikanata tena. Mbaya zaidi, mafuta yalitiririka hadi kwenye mpira, nao ukaanza kuteleza. Grisi ya zamani lazima itoke yote. Nilitumia spiriti, mswaki wa zamani na vijiti vya pamba, nikasugua mpaka gia ikazunguka kwa kidole kimoja. Ndipo nikapaka grisi mpya, chembe tu, pale chuma kinapokwaruzana na chuma.

Kwenye mota tia matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye bushi, yaani vile vikombe vinavyoshika mhimili wa mota, juu na chini. Mafuta ya nazi usiyaguse. Kwenye mhimili wa sinia niliyakuta yameganda kama nta, nadhani mtu alikuwa na nia njema. Kabla ya kusafisha, mota yangu ilikata pumzi papo hapo nilipozima. Sasa inaendelea kuzunguka sekunde kadhaa.

Angalia pia kapasita ndogo iliyofungwa kwenye swichi. Zile za zamani huvuja au hupasuka, nayo iko moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani. Ibadilishwe kwa yenye thamani ileile na daraja la X2, yaani iliyotengenezwa kukaa kwenye umeme wa nyumbani, na kama hujazoea kulehemu, mpe fundi wa umeme.

Ukishamaliza, pima mwendo. Bandika kipande cha karatasi kwenye sinia, liweke kwenye 33 (yaani mizunguko 33 na theluthi kwa dakika), uhesabu kwa dakika tatu: mizunguko iwe 100. Yangu ilitoa pungufu kwa sababu mpira ulikuwa unang'aa kama kioo. Niliusugua kwa msasa laini kuuzunguka wote, nikaufuta kwa spiriti pamoja na puli, ikafika 100. Usiogope kuupunguza kidogo, kwani ukubwa wa kigurudumu haubadilishi mwendo. Unaoamua ni upana wa ngazi ya puli.

Hapohapo neno kwa mliotumiwa mashine na ndugu walioko Marekani. Ikienda polepole, ukasikia waimbaji kama wanasinzia, si ugonjwa. Umeme wa kule hupiga mawimbi 60 kwa sekunde (hezi 60), wetu 50, na mota hii huufuata mwendo huo, kwa hiyo 33 inashuka hadi karibu 28. Transfoma hubadilisha volti tu. Dawa ni puli ya hezi 50.

Na mpira ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu kama kwato, msasa hausaidii. Lakini kigurudumu chenyewe usikitupe: wapo mafundi wanaovalisha mpira mpya juu ya kile cha zamani, nao watakihitaji.