Kwa nini umati mmoja huangusha serikali Thailand na mwingine hutawanywa kwa risasi?

Swali: Mwalimu, ninaandika tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu maandamano na uthabiti wa serikali zilizochaguliwa, na mfano niliouchagua ni Thailand. Nimekwama mahali pamoja. Mwaka 2008 waandamanaji wa mashati ya njano waliteka kiwanja cha ndege cha Bangkok, na serikali ikaanguka ndani ya siku chache. Mwaka 2010 wale wa mashati mekundu walikalia katikati ya jiji kwa wiki kadhaa, wakaondolewa kwa risasi, na serikali ikabaki. Je, kigezo ni idadi ya watu, ni mbinu, au kuna jambo jingine? Na je, mgawanyiko huo wa rangi bado unaeleza siasa za nchi hiyo? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ndugu msomaji, matukio mawili uliyoyalinganisha yanafaa sana kwa kazi yako, kwa sababu yametenganishwa na miezi kumi na minane tu, jiji ni lile lile, na hata mkuu wa jeshi la nchi kavu alikuwa yule yule, Jenerali Anupong Paochinda. Idadi haiwezi kuwa kigezo, kwani wekundu wa 2010, katika siku zao kubwa, walikuwa wengi kuliko njano waliolala kiwanjani. Mbinu nayo haitoshi kueleza, maana pande zote mbili zilitumia njia moja, yaani kukalia mahali ambapo uchumi wa nchi unapitia na kukataa kuondoka.

Kwa maoni yangu, tangu mwaka 2006 umati wa Bangkok haujaiangusha serikali yoyote kwa nguvu zake wenyewe. Umati umekuwa ukiifanya serikali ishindwe kutawala, na kazi ya kuiondoa imefanywa na vyombo visivyopigiwa kura, yaani Mahakama ya Katiba na jeshi. Kwa hiyo, kabla hujahesabu vichwa, uliza maswali mawili: siku barabara zilipozibwa, ni nani aliyekataa kuzizibua, na ni jalada gani lililokuwa tayari mezani kwa majaji?

Mlango wa vyombo hivyo kuingilia siasa ulifunguliwa na Katiba ya 1997, ambayo Wathai wengi waliiita katiba ya wananchi. Waandishi wake walitaka mambo mawili kwa pamoja: waziri mkuu mwenye nguvu, asiyeyumbishwa na vyama vidogo vidogo, na vyombo huru vya kumchunga, vikiwemo Mahakama ya Katiba, Tume ya Uchaguzi na tume ya kupambana na rushwa. Aliyevuna upande wa kwanza ni Thaksin Shinawatra, tajiri wa biashara ya simu kutoka Chiang Mai, aliyeshinda uchaguzi wa 2001 kwa ahadi ambazo mkulima angeweza kuzishika mkononi: matibabu kwa baht 30 kila mgonjwa anapokwenda hospitali, mfuko wa baht milioni moja kwa kila kijiji, na kusitishwa kwa marejesho ya madeni ya wakulima. Wapiga kura wa kaskazini na wa Isan, yaani eneo la kaskazini-mashariki lenye watu wengi kuliko maeneo mengine, waliona kwamba kura imeleta kitu nyumbani. Mwaka 2005 walimrudisha na viti zaidi ya 370 kati ya 500.

Tafadhali usiwachukulie waliompinga kuwa ni matajiri wenye kinyongo tu, kama baadhi ya maandishi yanavyofanya. Katika vita vyake dhidi ya dawa za kulevya vya mwaka 2003 waliuawa watu zaidi ya 2,000, wengi wao bila kufikishwa mahakamani. Januari 2006 familia yake iliuza hisa za kampuni ya Shin kwa shirika la Temasek la Singapuri kwa takribani baht bilioni 73 bila kulipa kodi ya mauzo hayo. Watu wa tabaka la kati la Bangkok, ambao mishahara yao hukatwa kodi kila mwezi, walikuwa na haki ya kukasirika. Walivaa njano, rangi ya Jumatatu, siku aliyozaliwa Mfalme Bhumibol, na kwa kuivaa walitangaza kwamba kuna mamlaka yaliyo juu ya waziri mkuu.

Chama cha Democrat, chama kikuu cha upinzani, kilisusia uchaguzi wa Aprili 2006. Tarehe 25 Aprili Mfalme aliwaambia majaji watafute njia ya kuutatua mkwamo. Mwezi uliofuata Mahakama ya Katiba ikaufuta uchaguzi. Na tarehe 19 Septemba, Thaksin akiwa New York kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa, vifaru vikaingia Bangkok. Mfuatano huo wa umati, majaji na wanajeshi ndio utakaouona tena na tena.

Sasa tazama 2008 kwa makini. Wapiga kura walikuwa wameurudisha upande wa Thaksin madarakani kupitia chama kipya, na Agosti ya mwaka huo njano waliteka ofisi za serikali, wakakaa humo kwa zaidi ya miezi mitatu. Waziri Mkuu Samak Sundaravej alitangaza hali ya hatari, lakini jeshi halikutumia nguvu. Siku chache baadaye Mahakama ya Katiba ilimwondoa Samak kwa sababu alilipwa kwa kuendesha kipindi cha mapishi cha televisheni, na katika kuamua kama hilo lilimfanya kuwa mwajiriwa, majaji walitegemea maana ya neno katika kamusi. Alimfuata Somchai Wongsawat, shemeji yake Thaksin. Njano walipokiteka kiwanja cha Suvarnabhumi mwishoni mwa Novemba, Jenerali Anupong hakuwaondoa. Alimshauri waziri mkuu alivunje bunge. Tarehe 2 Desemba mahakama ilikivunja chama tawala, ikitumia kifungu cha 237 cha Katiba ya 2007, ambacho kiliruhusu chama kizima kivunjwe kwa kosa la uchaguzi la kiongozi wake mmoja. Umati uliondoka kiwanjani mara baada ya hukumu. Katiba hiyo, ukumbuke, iliandikwa baada ya mapinduzi na chini ya usimamizi wa waliopindua.

Mwaka 2010 kila kitu kiligeuka. Serikali ya Abhisit Vejjajiva wa chama cha Democrat ilitokana na kura za wabunge baada ya chama tawala kuvunjwa, na wekundu, wengi wao wafuasi wa Thaksin, waliokalia makutano ya Ratchaprasong walidai bunge livunjwe ili uchaguzi ufanyike mapema. Walijiita phrai, neno la zamani la watu wa chini waliotumikishwa na mabwana, nao wakawaita wapinzani wao ammat, yaani mabwana wenye vyeo. Miongoni mwa wekundu walikuwamo pia watu wenye silaha, na jambo hilo usilifiche. Lakini jeshi lililokaa kambini 2008 lilitoka na risasi za moto. Kufikia tarehe 19 Mei walikuwa wamekufa watu zaidi ya 90, wengi wao raia. Novemba ya mwaka huo huo, kesi ya kutaka chama cha Democrat kivunjwe ilitupwa kwa sababu Tume ya Uchaguzi iliiwasilisha nje ya muda wa siku 15. Wekundu walikuwa na msemo kuhusu hali hiyo: song matrathan, vipimo viwili. Nimesoma hukumu za pande zote mbili, na sioni namna ya kuwaambia kwamba walikosea.

Tukio la 2014 ndilo lenye mafunzo mengi zaidi kwa mtu wa fani yetu, na ningekushauri ulipe sura yake peke yake. Serikali ya Yingluck Shinawatra, dada yake Thaksin, ilijitia matatani yenyewe kwa kupitisha usiku wa manane muswada wa msamaha ambao ungemrejesha kaka yake nyumbani bila adhabu. Umati uliojitokeza uliongozwa na Suthep Thaugsuban, ambaye mwaka 2010, akiwa naibu waziri mkuu, ndiye aliyesimamia operesheni ya kuwaondoa wekundu. Yingluck alivunja bunge, akaitisha uchaguzi wa tarehe 2 Februari. Umati ukaukataa uchaguzi huo, kwa kudai mageuzi yatangulie chini ya baraza lisilochaguliwa, na katika majimbo 28 ya kusini wagombea walizuiwa kujiandikisha. Machi 21 Mahakama ya Katiba iliufuta uchaguzi wote kwa hoja kwamba katiba ilitaka upigaji kura ufanyike nchini kote kwa siku moja. Maana yake kisheria ni kwamba aliyezuia kura alipewa kwa hukumu kile alichokikosa kwenye sanduku. Mei 7 Yingluck aliondolewa kwa kosa la kumhamisha afisa mmoja wa usalama, na Mei 22 Jenerali Prayut Chan-o-cha akapindua kilichobaki.

Hapa kuna ulinganisho ulio karibu nawe. Katika uchaguzi wa marudio wa Kenya wa Oktoba 2017, kura hazikupigwa katika majimbo 25 ya kaunti nne za Nyanza kwa sababu ya vurugu na ususiaji, na Mahakama ya Juu, ambayo wiki chache kabla ilikuwa imeufuta uchaguzi wa Agosti, iliuacha huo wa marudio usimame. Maandishi ya katiba mbili hizo hayafanani, wala mazingira, lakini ukiziweka hukumu hizo bega kwa bega utaona jinsi majaji wanavyoweza kuamua kama anayezuia uchaguzi anaua uchaguzi wote au anapoteza nafasi yake tu.

Kuhusu swali lako la pili, rangi hazitoshi tena. Katiba ya 2017 iliuingiza mlango huo wa vyombo visivyopigiwa kura ndani ya bunge lenyewe: maseneta 250 walioteuliwa chini ya utawala wa kijeshi walipewa, kwa miaka mitano, haki ya kumpigia kura waziri mkuu. Vijana walioandamana 2020, ambao baadhi yao walithubutu kudai mageuzi ya ufalme ilhali kifungu cha 112 cha Kanuni ya Adhabu hutoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa la kumkashifu mfalme, hawakuwa wekundu wala njano. Mei 2023 kura nyingi za kizazi hicho zilikipa chama cha Move Forward viti 151, vingi kuliko chama kingine chochote, lakini mgombea wake, Pita Limjaroenrat, alikwamishwa na maseneta. Chama cha familia ya Shinawatra kikaungana na vyama vya waliokipindua, na tarehe 22 Agosti, siku ile ile Thaksin aliporejea nchini, bunge likamchagua Srettha Thavisin kuwa waziri mkuu. Wapo wekundu waliofiwa na ndugu zao Ratchaprasong ambao siku hiyo waliuona kuwa ni usaliti, nami ninawaelewa.

Srettha hakudumu mwaka mzima. Agosti 7, 2024, mahakama ilikivunja chama cha Move Forward, na wiki moja baadaye, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikamwondoa Srettha kwa kumteua waziri aliyewahi kufungwa jela. Agosti 2025 ikamwondoa mrithi wake, Paetongtarn, binti yake Thaksin, kwa sababu ya mazungumzo yake ya simu na Hun Sen, waziri mkuu wa zamani wa Kambodia. Mwaka 2008 njano walihitaji zaidi ya miezi mitatu ya kukalia ofisi za serikali na kiwanja kizima cha ndege. Kumwondoa Srettha hakukuhitaji umati wowote: kulitosha barua ya maseneta 40 kwa majaji tisa.