Mafuta ya karafuu yanaua fangasi, je, niyapake ukeni?

SWALI: Naishi Arua, nina watoto wawili. Tangu Januari fangasi za ukeni zimenirudia mara tatu, muwasho na uchafu mweupe mzito. Duka la dawa hunipa vidonge vya kuingiza, napata nafuu, kisha zinarudi. Jirani kanipa kichupa cha mafuta ya karafuu, anasema wataalamu wamethibitisha kwamba yanaua fangasi. Ni kweli? Nipake kiasi gani?

JIBU: Ni kweli dada, ila usipake.

Jirani hajakudanganya. Maabara, fangasi iitwayo Candida albicans hupandwa kwenye kisahani, kikawekwa juu yake kikaratasi kilicholowa mafuta. Kesho yake kisahani kimetanda weupe, isipokuwa duara safi kuzunguka kile kikaratasi. Ejenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, hutoa duara hilo, na sitrali, kiini cha mafuta ya mchaichai, vilevile. Hata mujaaja, yale majani yenye harufu tunayotia kwenye chai, una mafuta ya namna hiyo. Yote hupenya utando wa mafuta unaoizunguka seli ya fangasi na kuuharibu, vya ndani vikavuja.

Sasa, seli za uke wako nazo zina utando wa mafuta, na ejenoli haichagui. Klotrimazoli, dawa ya kawaida ya vidonge vya kuingiza, inachagua: inazuia fangasi isitengeneze ergosteroli, mafuta ambayo utando wake unayahitaji na wetu hauna, kwani sisi tunatumia kolesteroli. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa yanaunguza ngozi laini, na kidonda hicho utakihesabu kuwa ni fangasi zimezidi. Ukiyazimua kwa mafuta ya nazi, hakuna kipimo kilichokubaliwa cha kukuambia kama nguvu iliyobaki inatosha. Tena mafuta hudhoofisha kondomu za mpira. Chai ya mujaaja kunywa tu, ni tamu, lakini haitibu huko.

Kinachonishughulisha zaidi ni huko kurudi mara tatu. Je, ulimaliza dozi? Kidonge cha miligramu 500 huingizwa usiku mmoja, vya 100 ni usiku sita mfululizo, na wengi huacha usiku wa pili muwasho ukitulia. Na je, kuna aliyepima? Uchafu wa kijivu wenye harufu ya samaki kwa kawaida ni bakteria, na hao klotrimazoli si dawa yao. Hutibiwa kwa metronidazoli. Nenda kituo cha afya chenye maabara, ute uangaliwe kwa hadubini, upimwe pia sukari na VVU, maana vyote viwili hufanya fangasi zirudi. Ikithibitika ni fangasi na bado hazisikii dawa, omba zioteshwe zijulikane ni aina gani, kwani aina nyingine, Candida glabrata, ni sugu zaidi kwa dawa hizi za kawaida.

Kama una mimba, au unadhani unayo, sema kabla hawajakuandikia flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza.