Mstari ukiisha, kauli nayo iishe? Mimi nasema ndiyo, ila kanuni isibahatishe

Mkuu, umeuliza kama lugha ya programu unayoiunda ikate kauli (amri moja kamili) mstari unapoisha, au udai nukta-mkato (;) kama lugha ya C. Mimi nashinda kwenye Python na Go, JavaScript naigusa nikilazimika. Acha mstari ukate. Msomaji hufuata mistari. Nukta-mkato ya mwishoni ni ya kompaila tu, ile programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta. Kasheshe huanza kauli inapozidi mstari mmoja.

Hapo JavaScript inatesa. Mara nyingi huongeza nukta-mkato pale tu msimbo unapogoma kuchanganulika bila hiyo. Ona hii:

let jumla = a + b
(c || d).anza()

Mstari wa pili umeanza na mabano, basi b inaitwa kama fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina), kana kwamba umeandika b(c || d). Halafu andika return, shuka mstari, weka thamani: safari hii inakata, na unarudishiwa undefined (yaani hakuna thamani) bila kelele yoyote. Vijana kazini huihangaikia hiyo wakidhani tatizo liko kwenye hifadhidata.

Lugha ya Kotlin nayo:

val x = a
    + b

x inabaki a. Mstari wa pili ni kauli inayojitegemea, isiyo na kazi.

Go huangalia kilicho mwisho wa mstari. Kikiwa jina, namba, return au mabano ya kufunga, kauli imekwisha. Kikiwa koma au alama ya kujumlisha, inaendelea. Ndiyo maana { lazima ikae mstari mmoja na if. Wengi wanalalamikia hilo, mimi sioni shida: ukikosea, kompaila inakufokea palepale.

Kutoka Python, chukua kanuni ya mabano: yakiwa wazi, mistari haihesabiki. Ule mkwaju wa nyuma (\) wa kuendeleza mstari achana nao, maana nafasi tupu moja baada yake, usiyoiona kwa macho, ni kosa la sintaksia. (Fortran ya enzi za kadi iliweka alama ya mwendelezo safu ya 6. Sura mbaya, lakini hakuna aliyebahatisha.)

Ningeongeza jambo moja: mstari unaoanza na nukta (kama .anza()) uendeleze wa juu yake, kwa sharti kwamba hakuna kauli nyingine inayoruhusiwa kuanza hivyo. Ila kama lugha yako itakuwa na dirisha la kujaribia amri moja moja, amua mapema: mtu akibonyeza Enter, itekeleze papo hapo au isubiri kuona kama nukta inafuata? Mimi ningetekeleza, na anayetaka mnyororo mrefu wa nukta pale afungue mabano.