Maswali ya Mafundi: Zulia la Msikiti na Safari ya Ndege Ndogo

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni fundi wa mazulia hapa Temeke. Nimepata kazi ya kutandika zulia la safu katika msikiti mmoja kisiwani Mafia, na nitapanda ndege ndogo kwa mara ya kwanza. Kuta za msikiti huo hazikujengwa sawasawa na kibla. Nianzie wapi kutandika? Na je, ninaweza kusafiri na zulia pamoja na gundi? Fundi aliyenifundisha kazi husimulia mara kwa mara raha ya ndege hizo, lakini hajapata kutueleza mzigo wake ulisafirije.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usianzie ukutani. Mwombe imamu na kamati ya msikiti wakuthibitishie kibla kabla hujafungua jora hata moja, kwa sababu uamuzi huo ni wao, nawe kazi yako ni kuufuata kwa usahihi. Kwa ukanda wetu jambo hili ni jepesi kulihakiki: Makka ipo karibu kwenye longitudo moja na Dar es Salaam na Mafia, hivyo kibla chetu ni kaskazini karibu kabisa. Usitegemee dira ya simu ukiwa ndani ya jengo, kwa kuwa nondo za kwenye zege na nguzo huivuruga. Simama nje, mbali na chuma.

Ukishaupata mstari wa kibla, upige sakafuni kwa uzi wa chaki katikati ya ukumbi, kisha upige mwingine unaoukata kwa pembe mraba. Pembe hiyo ihakiki kwa kipimo cha tatu, nne na tano, yaani ukipima 3 kwenye mstari mmoja na 4 kwenye wa pili, mshazari wa kuunganisha ncha hizo uwe 5 kamili, na utumie mita badala ya futi, kwa maana pembetatu ikiwa kubwa kosa dogo la kipimo halikupotoshi sana. Safu zote zifuate mstari huo wa pili. Ukuta uliopinda kwa nyuzi 2 tu, katika ukumbi wenye upana wa mita 10, huacha pengo la sentimita 35 hivi upande mmoja, na mafundi wengi hulificha pengo hilo kwa kuzipindisha safu kidogo kidogo. Mimi silikubali jambo hilo hata kidogo, kwa sababu anayeswali ataufuata mstari wa zulia akiamini kwamba fundi aliupima. Lijaze pengo kwa zulia la rangi ileile lisilo na mistari.

Kabla ya gundi, pima unyevu. Chukua nailoni ngumu ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa selotepu kingo zote nne pasipo kuacha upenyo, uiache usiku na mchana. Ukikuta matone chini yake, au saruji imebadilika rangi na kuwa nyeusi zaidi, usitandike. Sakafu mpya huenda ikahitaji muda tu wa kukauka. Lakini sakafu ya zamani iliyomwagwa bila nailoni chini yake hupandisha maji ya ardhini siku zote, na hapo kusubiri hakutasaidia mpaka sakafu yenyewe izibwe. Gundi iliyopakwa juu ya unyevu huachia, zulia likatuna, kisha likaanza kunuka. Waambie kamati ukweli huo mapema, hata kama wameshapanga siku ya ufunguzi. Hakikisha pia kwamba manyoya ya vipande vyote yamelala upande mmoja, kwa kuwa kipande kimoja kikigeuzwa, mwanga wa dirishani utakionyesha kama chenye rangi nyingine.

Kuhusu safari, zulia halitapanda ndege hiyo. Zulia la kilo 2 kwa mita ya mraba, lenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 20, lina kilo 160, na ndege hizo mara nyingi humruhusu abiria kilo 15 katika begi laini. Majora yapitie Nyamisati, yavuke kwa chombo hadi Kilindoni. Visu viweke katika mzigo unaokabidhiwa, wala si begi la mkononi. Gundi yenye vimumunyisho vinavyowaka usiibebe kabisa: ni mzigo wa hatari, na katika ndege ndogo abiria, rubani na mizigo wako karibu sana.

SWALI: Mimi ni fundi mstaafu wa Ilala. Nakumbuka nikienda kazini Mafia kwa ndege ya injini moja, nikapangiwa kiti kando ya rubani, nikaliona delta la Rufiji lote chini yangu. Kwa nini tulipimwa uzito na kupangiwa viti? Waambie pia vijana wasilisukume zulia kwa goti, maana magoti yangu yameharibika.

JIBU: Pole sana kaka, na ahsante kwa kumbukumbu hiyo. Ndege kama Cessna Caravan hubeba watu wachache, kwa hiyo abiria mmoja mzito akihama kiti huweza kusogeza kitovu cha uzito, yaani nukta ambapo uzito wote wa ndege husawazika. Kikirudi nyuma kupita kiasi, ndege huwa ngumu kuidhibiti, ndiyo maana rubani hupanga mwenyewe. Delta ulilolitazama ndimo ilimojificha meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka Mafia kwenda kuzielekeza shabaha meli zao zilizoishambulia. Njia uliyopita, kwa hiyo, ina historia ndefu ya marubani.

Kuhusu magoti, una haki ya kusema kwa uchungu. Mwaka 1990 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari mahususi kwa watandika mazulia, ikihimiza kutumia kivutio chenye nguzo ndefu, ambacho huegemea ukuta wa upande wa pili na kulivuta zulia kwa wenzo wa mkono. Pedi za magoti zivaliwe kila siku, lakini hizo humlinda fundi aliyepiga magoti juu ya zege; haziuondoi mshtuko wa kukigonga kwa goti, mamia ya mara, kile kifaa kifupi cha kusukumia zulia. Vijana wanaoshindwa kununua kivutio kila mmoja peke yake wachangie kimoja, wakitumie kwa zamu katika vyumba vyote vikubwa vya zulia la kuvutwa, yaani linalokazwa kingoni badala ya kubandikwa kwa gundi.