Mwanambuzi aliyepoa: maziwa au moto kwanza?

SWALI: Mwanambuzi kazaliwa usiku, asubuhi nimemkuta kalala kiubavu, mdomo wa baridi. Nimnyweshe maziwa au nimpashe moto kwanza?

JIBU: Kwanza kipimajoto, kupitia njia ya haja kubwa. Hakikisha ncha yake inagusa ukuta wa utumbo. Ikizama kwenye kinyesi itakudanganya. Kawaida ni nyuzi 39 hadi 40. Akiwa na 37 hadi 39 na anainua kichwa, mkaushe vizuri, mpe dang'a (maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa), mililita 50 kwa kila kilo ya uzito.

Chini ya 37, usimnyweshe kitu. Hawezi kumeza sawasawa, na maziwa yataishia mapafuni. Kama ana zaidi ya saa tano tangu azaliwe, sukari ya mwilini imekwisha. Ukimpasha moto hivyo hivyo anaweza kupata degedege na kufa huku joto likipanda, jambo linalowashangaza wengi. Mwite daktari wa mifugo amchome glukosi ya asilimia 20 tumboni, mililita 10 kwa kilo, iliyopashwa hadi joto la mwili.

Ndipo umweke kwenye boksi lenye chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo. Taulo si pambo: ngozi iliyopoa ina damu kidogo ya kusambaza joto, naye hana nguvu ya kujisogeza, hivyo huungua kimya kimya. Pima kila nusu saa. Akivuka 37 na kukaa mwenyewe, mpe dang'a.