Bibi kaniambia nisichokore asili za watu

SWALI: Assalamu alaikum Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu hapa Unguja, nasoma sosholojia, kwetu Wete, Pemba. Muhula uliopita tulisomeshwa somo la mbari na athari zake katika jamii. Mifano karibu yote ilikuwa ya Marekani na Afrika Kusini: tone moja la damu, penseli kutiwa kwenye nywele ili iamuliwe mtu ni wa mbari gani. Nikalipenda, nikaamua utafiti wangu wa kumaliza digrii niufanye juu ya asili hapa kwetu. Nilipokwenda likizo nikamwambia bibi. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, akasita, akasema: “Wewe umepelekwa kusoma au kuchokora watu?” Na mwenzangu wa bwenini anasema mambo haya kwetu hayapo, sote Waislamu, sote Wazanzibari. Je, somo hili linatuhusu? Na kama linatuhusu, nianzie wapi bila ya kumuudhi bibi?

JAWABU: Waalaykumu salaam, mwanangu.

Huyo mwenzako wa bwenini muulize kitu kimoja: siku atakayoletewa posa, kwao wataanza kuuliza nini? Dini haitaulizwa, inajulikana. Ataulizwa kijana ni wa nani, huyo nani ni mtu wa wapi, na mamake je. Halafu litashuka neno “kufu”, yaani kulingana kwa wanaooana, kwa sauti ya chini. Fiqhi ya kufu wanaijua masheikh, mimi nakwambia linavyotumika ukumbini. Nimekaa vikao hivyo mara nyingi, upande wa wanawake, kikombe cha kahawa mkononi, na nimesikia kijana mwenye digrii na kazi nzuri akikataliwa kwa maneno matatu: “Hatuijui asili yake.” Uongo mtupu. Walikuwa wakiijua mpaka kwa babu wa babu yake, na kwa kuwa waliijua ndiyo wakamkataa.

Kwa hivyo linatuhusu. Lakini ukiyachukua ya Marekani ukayabandika hapa kama yalivyo, utapotea. Chukua mfano huu. Virginia, mwaka 1662, ilitungwa sheria kwamba mtoto afuate hali ya mamake. Bwana akizaa na mtumwa wake, mtoto ni mtumwa. Mwaka 1924 jimbo hilohilo likaandika katika sheria lile tone lenu: mzungu ni yule asiye na damu nyengine hata chembe, isipokuwa waliachiwa mlango mdogo wenye babu Mhindi Mwekundu wa mbali. Sasa njoo Unguja. Mtoto wa suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake, baba akimkubali, alizaliwa muungwana na akafuata nasaba ya baba. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, mamake alikuwa suria wa Kihabeshi. Angezaliwa Virginia angeuzwa. Hapa alikuwa sultani. Mtoto ni yuleyule mwenye damu mbili, lakini kule anavutwa kwa mama na huku anavutwa kwa baba. Ukilikamata hilo umelikamata somo zima, maana damu haikubadilika, kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu, na kanuni huwekwa na mwenye kufaidika nayo.

Usidhani lakini kwamba hesabu yetu ilikuwa ya huruma. Mtoto wa mtumwa aliyezaa na mtumwa mwenziwe hakuwa na nasaba ya kuivaa. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria ilitoka 1897, na baada ya hapo watu wakaanza kujitengenezea majina mapya, wengine wakijiita Waswahili, wengine kwa jina la kisiwa au kijiji.

Hapo ndipo ningependa uchimbe. Sensa ya serikali ya Waingereza ya mwaka 1924 iliwakuta Waswahili kwa maelfu. Ile ya 1931 ikawakuta wamebaki wachache mno, huku Washirazi, wanaojinasibu na Shirazi ya Uajemi, wamejaa. Hawakufa wale, wala hawakuhama. Walijibu vyengine. Karani aliuliza “kabila gani?”, na mtu akapima: jina gani leo lina heshima, lipi linanukia utumwa, lipi litanifanya mgeni kwenye ardhi ya babu yangu.

Na baadaye jina likawa na bei ya chakula. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele wetu mwingi ulikuwa ukitoka huko. Serikali ikaleta mgao, na mgao ukafuata kabila: Waarabu na Wahindi waliandikiwa mchele, Waafrika wakasukumiwa unga wa mahindi. Bibi yangu mimi, Allah amrehemu, alikuwa akikaa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na dada yake, baba mmoja mama mmoja, kaolewa Malindi, mtaa wa humu mjini Unguja. Dada mtu aliandikwa kwa kabila la mumewe, akawa anakula wali. Bibi akaandikwa kwa uso wake, akawa anasonga ugali ambao hakuna mtu nyumbani aliyejua kuusonga, ukitoka na madonge. Ijumaa dada yake akimletea kibaba cha mchele kakifunga kwenye pembe ya kanga, anapita nao uchochoroni kama mwizi. Bibi alituhadithia mara nyingi, na kila mara alicheka alipofika kwenye madonge. Kwenye kibaba hakucheka.

Utaniambia siku hizi kuna vinasaba. Naam, mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya mifupa ya watu waliozikwa zamani kwenye miji ya mwambao kama Mtwapa na Manda. Asili yao upande wa kike kwa wingi ilikuwa ya Kiafrika, upande wa kiume kwa wingi ilitoka Uajemi, na kuchanganyika kulianza kiasi cha miaka 1000 iliyopita. Barazani kwetu kila mtu alichukua nusu anayoipenda akaondoka nayo. Ni elimu nzuri, isome. Ila mfupa hauwezi kukwambia kwa nini dada wawili walikula vyakula viwili.

Ushauri wa kazi sasa. Usianze na 1964, mwaka wa Mapinduzi. Najua msimamizi wako atakusukuma huko, na najua hata wewe unapatamani, kwa sababu ndiko kila mgeni anakoanza. Watu waliouliwa bado wana watoto wanaosali msikiti mmoja na watoto wa waliouwa. Ukifungua mlango kwa swali hilo utafungiwa yote. Anza na maneno, tena yale madogo. Kwa nini ukarimu na adabu tumeviita “ustaarabu”, neno ambalo asili yake ni kuwa kama Mwarabu? Kwa nini msichana akifanyiwa singo, kule kusuguliwa mwili kwa manukato kabla ya harusi, wanawake wanasema “kang'ara, kawa mweupe” kama vile vyote viwili ni kitu kimoja? Nani anaitwa Mbara, yaani mtu wa bara, na anaitwa hivyo kwa muda gani kabla hajawa mwenyeji? Kwa nini nywele za singa husifiwa mbele ya mtoto mwenye za kipilipili? Haya watu watayajibu wakicheka, na kicheko chenyewe kiandike.

Chukua kibali cha utafiti, pita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kabla hujapita kwa mtu yeyote, na majina yabadilishe yote, mpaka la kijiji. Wete ni ndogo, ukiandika “mama mmoja muuza urojo karibu na soko” umeshamtaja. Na usimuulize mtu “asili yako wapi?” Hilo ndilo swali la karani na la mshenga. Muulize jina la kabila lake lilimpatia nini au lilimnyima nini.

Bibi yako hakukasirikia elimu. Analinda majirani, na pengine kuna jambo lake mwenyewe. Likizo ijayo mpokee mbuzi umkunie nazi wewe, simu iache chumbani, umuulize alipoposwa na babu yako, nani katika watu wake alisema hapana. Akinyamaza, endelea kukuna.